Babu Yako Alilowea Rabai au Frere Town? Mwongozo Kamili wa Kumfuatilia

Wanaoniuliza juu ya jambo hili huwa wamekwisha kukata tamaa. Wamesafiri hadi Nairobi, wameketi siku mbili katika jengo la Nyaraka za Taifa, wametafuta jina la ukoo wao kutoka juu hadi chini, wakatoka mikono mitupu. Wakirudi nyumbani husema babu hakuandikwa popote.

Mara nyingi babu aliandikwa. Kilichokosewa ni mlango wa kuingilia. Watu waliolowea katika vijiji vya misheni vya pwani miaka ya 1870 na 1880, wengi wao waliokombolewa utumwani au kuutoroka, walibadilishwa majina mara mbili, hata mara tatu, na jina la ukoo mnalotumia leo huenda hakuna aliyeitwa hivyo mwaka 1880. Ukimfuata mtu huyo kwa jina pekee, utampoteza. Mfuate kwa mahali alipokaa na kwa watu aliokaa nao. Hatua zote zilizo hapa chini zimesimama juu ya neno hilo moja.

Mifano yangu ni ya Rabai na Frere Town, Mombasa. Kama mababu zako walikuwa Masasi, Mbweni au Bagamoyo, njia ni ile ile ila nyaraka ziko kwingine. Nitagusia hilo katika hatua ya nne.

## Andaa hivi kabla ya kutoka nyumbani

- Daftari moja gumu, si karatasi za kuokota. Kila kurasa mbili ni za mtu mmoja.
- Penseli, kifutio na kichongeo. Vyumba vingi vya kusomea nyaraka haviruhusu kalamu ya wino.
- Simu yenye kamera nzuri na nafasi ya kurekodi sauti ya saa tatu au nne.
- Kitambulisho, na barua fupi ya utambulisho kutoka kwa mzee wa mtaa, chifu au kasisi wenu. Barua hii hufungua makabati ambayo maneno matupu hayafungui.
- Karatasi kubwa ya manila kwa ajili ya mti wa ukoo.
- Nakala, si asili, za vyeti vyote vya familia: ubatizo, ndoa, kifo, hati za shamba, hata kitabu cha zamani cha sala chenye majina yaliyoandikwa ndani ya jalada.
- Subira ya miezi sita. Kazi hii haiishi katika likizo ya Disemba.

## Hatua ya 1: Anza na wewe, upande ngazi moja moja

Andika jina lako, la baba au mama yako, la babu yako, kisha endelea kupanda. Usiruke hata kizazi kimoja.

Hesabu ya haraka itakusaidia. Aliyezaliwa 1990, baba yake alizaliwa karibu 1960, babu yake karibu 1930, baba wa babu karibu 1900, na aliyemtangulia huyo karibu 1870. Yaani wewe ni kilembwe cha mtoto aliyefika Frere Town akiwa na miaka mitano. Wengi hukosea hapa: hudhani wao ni vitukuu vyake, wakaunganisha watu wawili kuwa mmoja na kupoteza miaka thelathini nzima.

Usipoteze muda kutafuta cheti cha serikali cha kuzaliwa kwa mtu wa wakati huo. Serikali haikuwa ikiandikisha vizazi vya Waafrika wa pwani. Kanisa ndilo lililoandika.

Umefaulu ukiwa na mnyororo usiokatika hadi kwa mtu aliyezaliwa kati ya 1895 na 1910, na kila kiungo kina ushahidi: cheti, kaburi, au wazee wawili waliosema neno moja bila kusikilizana.

## Hatua ya 2: Kaa na wazee, tena mapema

Fanya hivi kabla ya nyaraka yoyote. Rejista itakungoja miaka kumi, lakini shangazi wa miaka tisini hana miaka kumi ya kukungoja.

Nenda na sukari na majani ya chai. Toa shikamoo, uliza hali, acha mazungumzo yaende yatakako. Daftari libaki ndani ya mkoba hadi mzee mwenyewe aanze kutaja majina. Ukitoa kalamu mapema, wengi hudhani umekuja kuhusu shamba. Pwani yetu watu wamenyang'anywa ardhi na wageni wenye makaratasi, kwa hiyo hofu hiyo ina sababu. Sema wazi tangu mwanzo: "Bibi, sikuja kwa habari ya shamba. Nataka kumjua babu."

Kuna neno moja la kuchunga sana. Usiulize, "Je, babu alikuwa mtumwa?" Swali hilo hufunga mdomo wa mzee palepale, na wakati mwingine hufunga mlango wa nyumba. Kuna familia zilizobeba aibu hii kimya kwa vizazi vinne, aibu ambayo haikuwa yao bali ya waliowauza. Uliza hivi badala yake:

- Babu alifika hapa akitokea wapi? Alikuja peke yake au na wenzake?
- Nani alikuwa ndugu yake wa kufikia naye?
- Nyumba yake ilikuwa upande gani wa kanisa? Jirani zake walikuwa nani?
- Alikuwa na jina jingine ambalo wenzake wa rika moja tu ndio walimwita?
- Kulikuwa na wimbo, neno au chakula cha kwao alichopenda?

Swali la jirani ndilo lenye thamani kuliko yote. Jina la babu litabadilika katika rejista, lakini jirani yake atatokea kama shahidi wa ndoa, mdhamini wa ubatizo, au mtu aliyezikwa kaburi la pili kutoka lake.

Lile la neno la kwao pia usilidharau. Neno moja la Kiyao au la Kimakua lililobaki katika wimbo wa kubembelezea mtoto limewahi kutoa mwanga ambao cheti hakikutoa. Lirekodi kwa sauti, usiliandike kwa kukisia.

Umefaulu ukiwa na angalau majina matano ya watu wasio wa ukoo wenu walioishi karibu na babu.

## Hatua ya 3: Geuza simulizi kuwa miaka

Wazee hawasemi "1884". Husema "wakati wa njaa ile" au "kabla ya reli". Tengeneza ukurasa mmoja wa alama za wakati, uwe nao kila unapokwenda:

- 15 Aprili 1872: kimbunga kilichoangusha mikarafuu Unguja.
- 5 Juni 1873: mkataba wa Sultani Barghash na Waingereza, soko la watumwa la Unguja likafungwa.
- 1875: Frere Town inaanza kujazwa watu.
- 1884: njaa kubwa ya pwani ya Mombasa, wenyeji wengi walikimbilia misheni.
- 1 Januari 1889: hati za uhuru kwa watoro, yaani waliokimbia utumwa, wa Rabai na misheni za jirani.
- 1895 hadi 1896: vita vya Mbaruk bin Rashid wa Mazrui dhidi ya Waingereza.
- 1896: reli inaanza kujengwa kutoka Mombasa.
- 1898 na 1899: njaa nyingine kubwa.
- 1907: utumwa unakomeshwa kisheria katika pwani ya Kenya.

Njaa hizi zina majina katika Kirabai, Kigiriama na Kiduruma. Mwombe mzee akutajie jina la kwao, kisha umwulize ilikuwa kabla au baada ya reli. Swali hilo hutenganisha njaa ya 1884 na ile ya 1898, ambazo simulizi hupenda kuzichanganya.

## Hatua ya 4: Jua babu alikuwa wa kundi gani

Hapa ndipo watafutaji wengi hupotea. Katika kijiji kimoja cha misheni walikaa watu waliofika kwa njia nne tofauti, na kila njia ina karatasi zake.

Mateka wa majahazi. Hawa waliokolewa baharini na manowari za Kiingereza, wakaletwa Frere Town kuanzia 1875, wengi wakiwa watoto. Asili yao mara nyingi ilikuwa bara ya kusini: Wayao, Wamakua, watu wa pande za Ziwa Nyasa. Karatasi zao huanzia kwenye meli na ubalozi wa Uingereza Unguja.

Waliotoka Bombay. Waafrika waliokombolewa na kupelekwa India, wakasomeshwa katika kituo cha misheni karibu na Nasik, kisha wakarudishwa pwani. Walijua Kiingereza na ufundi, wakawa walimu na makatekista. Ndio rahisi zaidi kuwapata kwa sababu waliandika barua wenyewe na kuandikwa na wengine. Mmoja wao, William Henry Jones, aliongoza kazi ya Rabai kwa miaka mingi.

Watoro. Waliokimbia mashamba ya pwani na kujificha Rabai, Fuladoyo na kwingineko. Mwaka 1888 mabwana zao walidai warudishwe. George Mackenzie wa kampuni ya Imperial British East Africa akawalipa mabwana fidia, na tarehe 1 Januari 1889 hati za uhuru zikagawiwa Rabai. Waliokombolewa hivyo katika misheni zote walizidi 1,400. Kama nyumbani kwenu kuna karatasi kuukuu yenye tarehe inayokaribiana na hiyo, usiikunje tena. Ipige picha leo, uiweke kati ya karatasi mbili safi zisizo na chapa.

Wenyeji. Warabai, Wagiriama, Waduruma na wengine waliohamia misheni kwa sababu ya njaa, ndoa au imani. Hawa wana mbari zao na makaya yao (vijiji vitakatifu vya kale msituni), na wazee wa mbari wanaweza kukupandisha vizazi ambavyo kanisa halivijui.

Angalia pia dhehebu. Rabai na Frere Town zilikuwa za Waanglikana wa CMS (Church Missionary Society). Kama babu alikuwa Ribe au Jomvu, alikuwa kwa Wamethodisti, na nyaraka zao za nje ziko SOAS, chuo kikuu kilichoko London. Bagamoyo ni ya Mapadri wa Roho Mtakatifu, ambao nyaraka zao kuu ziko Chevilly-Larue, nje ya Paris. Mbweni ya Unguja na Masasi, iliyoanza 1876 kwa watu waliotoka huko Mbweni, ni za misheni nyingine ya Kianglikana, UMCA (Universities' Mission to Central Africa), na nyaraka zake zimehifadhiwa maktaba ya Bodleian, Oxford. Kumtafuta Mmethodisti katika nyaraka za Waanglikana ni kutwanga maji kinuni.

Umefaulu ukiweza kusema kwa sentensi moja: "Babu alikuwa mtoro wa Rabai, alifika kabla ya 1889." Kama bado ni makundi mawili yanayowezekana, yaandike yote mawili na uendelee. Usilazimishe.

## Hatua ya 5: Andika majina yote, na tahajia zote

Mtu mmoja aliweza kuwa na jina la kwao alilozaliwa nalo, jina la utumwani kama Mabruki, Baraka, Feruzi, Songoro au Majaliwa, na jina la ubatizo la Kizungu. Baadhi ya majina ya ubatizo yalitoka kwa wafadhili wa ng'ambo waliolipia malezi ya mtoto. Kwa hiyo jina la Kiingereza katika ukoo wenu si dalili ya damu ya Kiingereza. Nimeona familia ikitumia miaka na fedha kumtafuta Mzungu ambaye hakuwahi kuwa baba yao.

Kisha kuna masikio ya mwandishi. Mmisionari wa Kiingereza au wa Kijerumani aliandika alivyosikia: r na l hubadilishana, h huongezwa au hupotea, Feruzi huwa Ferooz, Juma huwa Jumah. Mahali pia: Rabai huandikwa Rabbai, au kwa jina la kituo chenyewe, Kisulutini. Na Wamijikenda katika karatasi hizo huitwa Wanika. Ukitafuta neno "Mijikenda" katika barua ya 1880 hutalipata hata mara moja.

Maneno ya kabila yachukue kwa tahadhari. "Mnyasa" halikuwa kabila moja. Lilikuwa jina la jumla walilopewa watu wa pande zote za ziwa. Linakuonyesha upande, halikuonyeshi kijiji.

## Hatua ya 6: Daftari za kanisa

Hapa ndipo penye mali, kwa hiyo usiende kwa pupa.

Anza na parokia yenyewe: Mt. Paulo Rabai, au Emmanuel Frere Town, kanisa lililo jirani na ile kengele iliyoupa mtaa wa Kengeleni jina lake. Ukiambiwa daftari za kale hazipo, uliza kama zilihamishiwa ofisi ya dayosisi Mombasa. Omba miadi kwa barua, taja miaka unayotaka, usiseme "nataka kuona zote". Karani aliyeombwa miaka mitano atakuletea kitabu kimoja. Aliyeombwa zote atakwambia urudi wiki ijayo.

Ukurasa wa ubatizo una safu: namba, tarehe, jina, wazazi, makao, kazi, na aliyebatiza. Wengi husoma safu ya jina tu, wakipiga mbio kwa kidole. Soma mstari mzima hadi ukingoni. Mara nyingi kitu unachokitafuta kimeandikwa pembeni kwa wino mwingine, wa miaka iliyofuata: ameoa fulani, amehamia mahali fulani, amefariki.

Safu ya wazazi ya mtoto aliyeokolewa jahazini huwa tupu. Utakapoiona, utaumia kidogo, na ni haki yako. Lakini safu tupu nayo inasema kitu: inaonyesha kwamba mbatizwa alifika bila mzazi, na hilo linakurudisha kwenye kundi la kwanza la hatua ya nne.

Fuata utaratibu huu, kwa mpangilio huu:

1. Tafuta kwanza ubatizo wa watoto wa babu, si wa babu. Watoto wana wazazi walioandikwa, na hapo utaona babu alikuwa akiitwaje wakati huo.
2. Kwa jina hilo, nenda kwenye ndoa. Nakili mashahidi wote. Linganisha na yale majina matano ya majirani.
3. Kutoka ndoa, rudi nyuma hadi ubatizo wa babu mwenyewe. Watu wazima walibatizwa baada ya mafundisho, kwa hiyo tarehe ya ubatizo si tarehe ya kuzaliwa wala ya kufika.
4. Tazama waliobatizwa siku hiyo hiyo. Watoto walioteremshwa pamoja kutoka jahazi moja aghalabu walifundishwa pamoja na kubatizwa pamoja. Hao ndio "ndugu wa kufikia naye" ambao bibi alikutajia.
5. Malizia na kipaimara na maziko.

Piga picha ukurasa mzima, kisha mstari wako, kisha jalada la kitabu. Picha ya mstari bila jalada haitakufaa baada ya mwezi, kwa kuwa hutakumbuka ilitoka kitabu gani. Usilambe kidole kufunua kurasa, na usizinyooshe kwa nguvu. Karatasi hizo zimekula chumvi ya bahari zaidi ya miaka mia.

Chukua mfano huu wa kubuni. Familia inamtafuta "Yohana Charo", haimpati. Katika ubatizo wa mwanawe wa 1893, baba ameandikwa "John Mabruk", mke "Faida". Katika ndoa, John huyo na Faida wana shahidi ambaye bibi alimtaja kuwa jirani wa mlango wa pili. Charo lilikuwa jina la mtoto, likageuka jina la ukoo kizazi kilichofuata. Bila jirani yule, John Mabruk angebaki mgeni.

Umefaulu ukiwa na jina la mke, jina la angalau mtoto mmoja, na mtu mmoja wa nje anayetokea katika simulizi na katika daftari.

## Hatua ya 7: Makaburi na ardhi

Nenda makaburini asubuhi mapema, jua likiwa chini, ndipo maandishi yaliyofifia huonekana. Mwagia maji safi, usisugue kwa brashi ya chuma. Chora ramani ya makaburi ya jirani, maana watu wa nyumba moja huzikwa pamoja. Pitia pia Makumbusho ya Rabai. Walioko pale wanajua nani anajua nini.

Kuhusu ardhi, Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwataka wenye madai ya mashamba ya pwani wayapeleke yaandikwe. Lakini watu wa misheni wengi walikaa kwenye ardhi ya misheni, kwa hiyo jina la babu laweza kukosekana bila kumaanisha kwamba hakuwa na shamba.

## Hatua ya 8: Nyaraka za mbali

Usifike hapa kabla ya hatua ya sita. Bila jina la wakati ule na mwaka, utazama.

Nyaraka za Taifa, Nairobi, ziko Moi Avenue. Zitakufaa zaidi kwa kizazi cha watoto wa babu: kesi, kodi, taarifa za wilaya. Usizitarajie sana kwa miaka ya 1870.

Nyaraka za CMS, misheni iliyoanzisha Rabai na Frere Town, zimehifadhiwa Cadbury Research Library, Chuo Kikuu cha Birmingham. Barua za misheni yetu hadi 1880 ziko chini ya alama C A5, na zinazofuata chini ya G3 A5. Waandikie barua pepe fupi: mahali, miaka, jina la mmisionari aliyebatiza. Jina la aliyebatiza umelitoa kwenye safu ya mwisho ya rejista, na ndilo litakalomwongoza mhifadhi, kwa sababu barua zimepangwa kwa waandishi na tarehe, hazikupangwa kwa majina ya waumini.

Kwa mateka wa majahazi, mfululizo wa FO 84 katika Nyaraka za Taifa za Uingereza, Kew, una barua za ubalozi wa Unguja kuhusu majahazi yaliyokamatwa, hadi 1892. Utapata jina la manowari, tarehe, mahali, na idadi ya wanaume, wanawake na watoto. Majina ya watu ni nadra. Linganisha tarehe ya kupelekwa Mombasa na tarehe za wale waliobatizwa pamoja.

## Hatua ya 9: Pima kabla ya kuamini

Usimkubali mtu kuwa babu yako kwa jina peke yake. Taka mambo matatu yakutane: mahali, umri unaokubali hesabu ya hatua ya kwanza, na mtu mmoja aliyeungana naye. Mawili yakikutana, andika "huenda" kwa penseli. Likikutana moja, mwache.

Wazee wakipingana na daftari, usikimbilie kuwasahihisha. Andika yote mawili na chanzo cha kila neno. Bibi anaweza kuwa amekosea mwaka lakini yuko sahihi juu ya jahazi.

## Hatua ya 10: Irudishe kazi nyumbani

Chora mti kwenye ile manila. Jina la kila mtu liandikwe kwa namna zote ulizolikuta, na chini yake chanzo: kitabu gani, ukurasa gani, au nani alisema na lini. Toa nakala tatu. Moja ibaki kwa mkubwa wa ukoo, moja ipeleke parokiani pale ulipofunguliwa kabati, moja kaa nayo.

Kisha rudi kwa yule shangazi wa kwanza, keti chini, umsomee majina polepole kuanzia juu. Simu iwe inarekodi. Mara nyingi ni hapo, akisikia jina ambalo hajalisikia tangu utotoni, ndipo anapotaja la mtu ambaye hukuwahi kumwuliza.